Kolajeni ya kopo haina njia ya kufika gotini

Limerudi tena lile tangazo la unga wa kolajeni, ile protini ya nyuzinyuzi inayoshikilia ngozi, mifupa na gegedu. Kopo jeupe, mchoro wa goti linalowaka wekundu, na maneno: "Vijiko viwili kila asubuhi, gegedu linajaa upya." Chini yake foleni ya watu wanauliza bei na kama kuna "delivery" mikoani. Hakuna anayeuliza hiyo kolajeni inapita mlango gani.

Haya, tuanze na mlango. Gegedu la goti, yaani ule utando laini wenye kuteleza unaofunika ncha za mifupa, halina mshipa wa damu hata mmoja. Asilimia 65 hadi 80 ya uzito wake ni maji, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni kolajeni ya aina ya pili. Seli ni chache mno, kila moja imejikalia kwenye kishimo chake, ikila kile kinachopenya kutoka kwenye ute wa kiungo. Kolajeni nzima haiwezi kupenya humo, na wala haifiki. Ikishuka tumboni inakatwakatwa kama nyama nyingine yoyote, inaingia kwenye damu ikiwa asidi amino (matofali ya kujengea protini) mojamoja na vipande vya asidi mbilimbili au tatutatu. Chukua glaisini, mojawapo ya asidi amino hizo: iliyotoka kwenye kopo na iliyotoka kwenye sahani ya dagaa hazina alama ya kutofautishwa.

Muuzaji atajibu: "Lakini kolajeni yetu ina haidroksiprolini nyingi!" Ndiyo, inayo hiyo asidi amino, ambayo hupatikana hasa kwenye kolajeni. Na hapo ndipo wanapojifunga wenyewe. Katika maagizo ya jeni hakuna neno linalosomeka haidroksiprolini. Ribosomu, mashine ya seli inayounga protini, haina namna ya kuichukua uliyoimeza na kuipachika kwenye mnyororo. Seli inapachika prolini ya kawaida, halafu inaigeuza kuwa haidroksiprolini pale pale ikiwa tayari imeshonwa. Ile ya kopo inavunjwa, nyingine inaishia kuwa glaisini, nyingine unaikojoa. Umelipia nakshi ya mlango ambayo fundi lazima aichonge mwenyewe juu ya ubao wake.

Na fundi huyu, yaani seli, anastahili heshima kuliko anayopewa na tangazo. Jeni yenye maagizo ya kolajeni ya gegedu inaitwa COL2A1, iko kromosomu ya 12, na swichi yake kuu ni protini iitwayo SOX9. Kutoka hapo inatengenezwa minyororo mitatu inayofanana, itakayosokotwa kuwa kamba moja. Katika kila mmoja, kila asidi ya tatu ni glaisini, kwa zaidi ya asidi 1,000 mfululizo, kwa sababu glaisini ndiyo ndogo kuliko zote na katikati ya kamba hakuna nafasi ya kitu kingine. Ikikosewa moja tu kati ya hizo, mtoto anaweza kuzaliwa na mifupa iliyodumaa, na yapo makosa ambayo hayamwachi aishi.

Mnyororo ukiwa bado unaingia kwenye karakana ya utando iliyo ndani ya seli, vimeng'enya (protini zinazofanya kazi za kikemia) vinaanza kugeuza prolini na lisini, asidi amino nyingine. Vinahitaji oksijeni, vinahitaji chuma, na hicho chuma kila mara kinaelekea kuharibika, tuseme kinashika kutu. Vitamini C ndiyo inayokisugua kirudi kazini. Ikikosekana, kamba inasukwa vibaya na kuanza kufumuka kwenye nyuzijoto 25 hivi, wakati mwili una 37. Iliyogeuzwa sawasawa inavumilia hadi karibu 40. Seli haitoi nje kamba mbovu. Inaizuia ndani na kuivunja. Kiseyeye ni hicho tu: fizi zinatoka damu na vidonda vya zamani vinafunguka, wakati asidi amino zimejaa tele.

Ufumaji wenyewe unaanzia mkiani. Mikia mitatu inakamatana kwanza, inafungwa kwa vifungo vya salfa, ndipo msokoto unapanda kuelekea kichwani kama zipu. Aliyewahi kusokota kamba ya usumba ataielewa haraka kuliko aliyekariri kitabu: kila uzi umejipinda kushoto, na nyuzi tatu pamoja zinapindwa kulia. Kupinda kinyume huko ndiko kunakoikaza. Mlinzi mmoja, protini HSP47, anaishikilia kamba isifumuke wala kugandana na wenzake kabla ya wakati.

Halafu linakuja tatizo ambalo binafsi naona ndilo tamu kuliko yote. Kamba iliyokamilika ina urefu wa nanomita 300 na ni ngumu, haikunjiki. Vifuko vya kawaida vya kusafirishia protini kutoka kwenye karakana hiyo vina upana wa nanomita 60 hadi 90. Ni kutaka kutia mlingoti ndani ya kapu la sokoni. Jibu lilianza kueleweka mwaka 2009, ilipotambuliwa kazi ya protini TANGO1: kichwa chake kinaikamata kolajeni kwa ndani, mkia wake uko nje ukichelewesha mdomo wa kutokea usifunge mapema. Panya walioondolewa protini hiyo wanakufa wakizaliwa, kolajeni imekwama ndani ya seli zao.

Nje ya seli ndipo ncha zinapokatwa. Zikikatwa mapema, nyuzi zingejipanga humo humo ndani na kuiziba seli. Zikishakatwa, kamba zinajipanga kwa kupishana kila nanomita 67, kolajeni za aina ya 9 na 11 zinadhibiti unene, na kimeng'enya kinachotumia shaba kinazipigilia misumari. Kijiko cha unga hakimo katika hatua hata moja.

Nakubali, bila furaha: zipo tafiti zilizoona maumivu yakipungua kidogo kwa wanaotumia unga huo, nyingine zikiwa zimelipiwa na wauzaji. Maumivu kupungua ni kitu kimoja, gegedu kujaa ni kingine kabisa. Kwa mtu mzima, makadirio ya muda wa nusu ya kolajeni ya gegedu kubadilishwa yanapita miaka 100. Yaani uliyonayo ndiyo uliyokua nayo, na tangazo linaahidi miezi mitatu. Hata seli zikitolewa na kukuzwa kwenye sahani ya maabara, baada ya muda zinasahau kazi na kuanza kutengeneza kolajeni ya aina ya kwanza, ile ya makovu. Wapasuaji wanahangaika na hilo tangu miaka ya 1990. Mwenye kopo amelimaliza kwa vijiko viwili.

Kwa ngozi na nywele, sitaki hata kuanza.

Goti linashukuru mwendo, kwa sababu kubanwa na kuachiwa ndiko kunakousukuma ute ndani ya gegedu, na linashukuru uzito kupungua: kilo moja ikiondoka, goti linapunguziwa takriban kilo nne kwa kila hatua. Supu ya makongoro endeleeni kunywa, ni tamu na sina ugomvi nayo. Ule mgando wake ukipoa ni kolajeni iliyokwisha kufumuka kwa moto. Ila ile ndimu unayokamulia juu yake ikishapakuliwa ina kazi kwenye karakana niliyoieleza. Na kabla hamjaanza kuuza makopo ya vitamini C: pera moja la wastani linatosha kwa siku nzima.