Bahasha ya Siri

Ndugu wafuasi wangu, kwa kuwa mtani wangu wa masjala ameshalitangaza jambo hili kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi, na kwa kuwa simulizi yake inadai kwamba Mkurugenzi wetu alionja, nimeona ni haki yangu, na zaidi ni haki ya Mkurugenzi, kueleza kilichotokea Jumatatu asubuhi. Mkurugenzi hakuonja. Alikaribia, hilo silikatai, lakini hakuonja.

Tumbo lilianza kuniendesha niliporudi kutoka msibani kijijini, wilayani Bahi, ambako tulikunywa maji ya kisima kilichochimbwa kwenye mchanga wa mto uliokauka, na ambako mgeni anayeuliza kama maji yamechemshwa huonekana amesoma kupita kiasi. Sikuuliza. Mwanzoni halikuwa jambo la kutisha, kwa maana hapakuwa na damu wala homa. Palikuwa na choo cha majimaji chenye mafutamafuta kilichokataa kuzama hata nilipokimwagia ndoo nzima, gesi iliyonilazimisha kukaa dirishani kwenye daladala, na mbeuo wenye harufu ya yai viza. Ninyi mnaosoma huku mnakula mtanisamehe.

Katika kipindi hicho kila mtu aliyenizunguka aligeuka mganga. Shangazi alipiga simu kutoka Manyoni akaagiza nichemshe majani ya mpera, mama mwenye nyumba wangu hapa Nkuhungu akaniletea unga wa ubuyu, jirani akanishauri nitafune majani makavu ya chai, na duka la dawa likaniuzia vidonge vya kufunga tumbo, ambavyo kweli vililifunga kwa muda mfupi kabla halijafunguka tena kwa hasira. ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, nayo nilikunywa, ila ile pakiti inayotakiwa kuchanganywa na lita nzima ya maji safi nilikuwa naikoroga kwenye glasi moja, kwa imani kwamba dawa ikiwa kali ndipo inapofanya kazi. Baadaye tabibu alinieleza kwamba mchanganyiko mzito namna hiyo huvuta maji ya mwili na kuyarudisha kwenye utumbo, kwa hiyo nilikuwa nauongezea ugonjwa mafuta kwa fedha yangu mwenyewe.

Zilipopita wiki mbili na ushee, nilikuwa nimetoboa tundu jipya kwenye mkanda wa suruali, na wenzangu ofisini walikuwa wananipongeza kwa mazoezi. Niliwashukuru. Nilimwambia hata mmoja wao kwamba siri ni kukimbia asubuhi, jambo ambalo halikuwa uongo.

Ijumaa nilijikokota hadi kituo cha afya. Tabibu, dada mmoja mpole asiyecheka ovyo, aliifinya ngozi ya tumbo langu kutazama inarudi kwa kasi gani, akaangalia ulimi, akauliza rangi ya mkojo, akauliza kama kuna damu, kisha akaniuliza nilikuwa wapi siku zote hizo. Alisema kuhara kwa kawaida huisha kwenyewe ndani ya siku chache ikiwa mgonjwa anakunywa vya kutosha na kuendelea kula, lakini kukifika siku 14 hakuna tena kubahatisha, maabara lazima itafute sababu. Aliongeza, huku ameninyooshea kalamu, kwamba siku 14 zenyewe si za kungoja pale mtu anapoona damu kwenye choo, au ana homa kali, au tumbo linauma sana, au anatapika kila anachokunywa, au anapata kizunguzungu akisimama na mkojo wake umekuwa mchache na mzito. Kwamba mtoto mchanga na mzee hawasubirishwi. Na kwamba choo cha maji meupe kinachotoka mfululizo, mithili ya maji yaliyooshea mchele, ni cha kukimbizwa hospitali saa ileile, kwa kuwa kipindupindu kinaweza kumuua mtu ndani ya saa chache. Kuhusu vile vidonge vya kufunga tumbo, aliniambia nishukuru kwamba sikuwa na damu wala homa, maana hapo vingeweza kunifungia ugonjwa ndani.

Akanipa kikopo. Mtakaowahi kupewa mtakitambua: ni kikopo kidogo cha plastiki inayopitisha mwanga, kifuniko chake cha kuzungusha, na ndani ya kifuniko kimebandikwa kijiko kidogo. Kikumbukeni hicho kijiko. Nikaingia nacho chooni, na tumbo, lililokuwa halijanipa mapumziko tangu msibani, likatulia tuli. Nilikaa mpaka mfagizi akabisha hodi kuuliza kama niko salama. Ikaamuliwa nilete sampuli Jumatatu asubuhi ikiwa bado mbichi, kwa sababu vijidudu wengine huonekana vizuri kwenye darubini wakiwa hai wanajongea, na wakikaa hawatambuliki tena.

Jumatatu alfajiri sampuli ilipatikana bila shida yoyote. Niliandika kwenye kikopo jina langu, umri na saa, kama nilivyoelekezwa, kisha nikakwama namna ya kukibeba. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, na kukishika mkononi ndani ya daladala la abiria waliobanana hakuingii akilini. Nikaona mezani bahasha kubwa ya kaki, iliyokwisha kutumika, ambayo nilikuwa nimefungia vyeti vyangu. Nikakitia humo, nikaifunga kwa gundi ya karatasi kwa uangalifu wa hali ya juu, wala sikujishughulisha kuitazama upande wa pili, ambako palikuwa na muhuri mwekundu wenye neno SIRI na, chini yake, cheo cha Mkurugenzi.

Kituo cha afya kiko mbele kidogo ya ofisi yetu, na daftari la mahudhurio hupigwa mstari mwekundu saa 1:30. Niliingia nisaini tu. Daftari lipo kwenye kaunta ya masjala. Niliiweka bahasha pembeni, nikashika kalamu, na kabla sijamaliza kuandika jina, tumbo likanipa taarifa isiyojadilika. Nilikimbia. Waliokuwepo wanasema sikuaga.

Niliporudi, kaunta ilikuwa tupu. Mtani wangu, kwa fahari ya mtumishi anayejua kazi yake, alinijulisha kwamba ameipokea bahasha, ameigonga muhuri wa tarehe, ameiingiza kwenye daftari la barua zinazoingia, na kwa kuwa ni ya siri hakuifungua, bali amempa mzee wetu mhudumu aifikishe moja kwa moja. Nikamwuliza, ifike wapi? Akanionyesha kwa kidevu mlango wa chumba cha mikutano.

Naomba hapa twende polepole, kwa sababu mimi mwenyewe bado nipo pale mlangoni kila nikifumba macho. Kikao cha wakuu wa vitengo kilikuwa kimeanza. Mkurugenzi, mama wa makamo anayeheshimika na kila mtu, alikuwa amekwisha kuichana bahasha, na kikopo kilikuwa kati ya vidole vyake, amekiinua kuelekea dirishani, jua la Dodoma likipenya ndani yake na kukipa rangi ya dhahabu iliyofifia. Aliniona, akatabasamu.

“Karibu, mwanangu. Nimeona jina lako hapa. Ndiyo asali ya wale wafugaji nyuki wa Itigi?”

Nilifungua kinywa, sauti haikutoka. Mkuu wa uhasibu, ambaye Mungu atamlipa, akasema kwamba asali ya Itigi kwa kawaida si nyepesi hivyo, huenda wameichakachua. Mkurugenzi akakigeuza kikopo, akakitikisa kidogo, akakisogeza karibu na miwani. “Tazameni,” akasema kwa sauti ya kuridhika, “wameweka mpaka kijiko cha kuonjea.” Na mkono wake wa kulia ukaanza kuzungusha kifuniko.

“Mama, usifungue!” Sauti ilitoka sasa, na ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Kifuniko kilikuwa kimezunguka kama robo hivi. Chumba kizima kikanigeukia, nami nikiwa nimesimama kikakamavu, kwa Kiswahili cha kiofisi ambacho sijui kilitoka wapi, nikatamka: “Hiyo si sampuli ya mradi, Mama. Ni yangu binafsi, na inasubiriwa maabara.”

Hakuna aliyepiga kelele. Mkurugenzi alikiweka kikopo chini taratibu, juu ya rasimu ya bajeti, akavuta kitakasa mikono, akakitumia kwa muda mrefu. Mkuu wa uhasibu aliinama kutafuta kitu chini ya meza na hakukipata mpaka nilipoondoka. Kabla sijatoka, Mama aliichukua ile bahasha, akaandika dokezo juu yake kama anavyoandika kwenye kila kinachomfikia, akanikabidhi pamoja na kikopo kwa ncha za vidole.

Yaliyobaki ni mafupi. Maabara ilikataa sampuli kwa kuwa ilikwisha kupitwa na wakati, nikatoa nyingine palepale, wakakuta giadia, mdudu anayesambaa kwa maji machafu na anayeweza kumwendesha mtu kwa wiki nyingi. Nilishauriwa pia kupima VVU, kama anavyoshauriwa yeyote anayehara muda mrefu, nikapima, niko salama. Nikaandikiwa metronidazoli, inayoacha ladha ya chuma mdomoni na isiyotaka kukutana na pombe, kwa hiyo mvinyo wetu wa zabibu utanisubiri. Tumbo sasa linasikia.

Dokezo lilisomeka hivi: “Mhusika ashughulikie haraka na anipe mrejesho.” Jana nilikwenda kuutoa kwa mdomo, kwa kuwa sikutaka uingie kwenye jalada.