Fomu nne za mtoto mmoja

Nimeishi Leicester, Uingereza, kwa miaka 12, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nimefanya kazi ya kuwahudumia watoto wenye ulemavu, kwa hiyo kila nirudipo Lamu jicho langu hutangulia kuliangalia jambo hilo. Safari hii nilifikia kwa dada yangu, mtaa wa Langoni, ambaye mwanawe wa miaka 9 ana mtindio wa ubongo. Chini ya ngazi nilikuta viti viwili vya magurudumu. Cha kwanza, kilicholetwa na shirika moja, ni kipana kuliko mlango wa daka, yaani ukumbi wa kuingilia nyumba. Cha pili kililetwa na shirika jingine mwaka uliofuata. Hicho kilipita mlangoni vizuri, lakini magurudumu yake madogo ya mbele yalikuwa yakikwama kwenye mitaro na mawe ya vichochoro vyetu, mpaka moja likang'oka. Mpwa wangu bado hubebwa mgongoni hadi gatini.

Dada alinitolea mkoba wenye karatasi za mtoto. Ndani yake mlikuwa na fomu nne za tathmini, moja ya hospitali na tatu za mashirika, zote zikiwa na maswali yaleyale. "Kaka, kila wajao huniuliza kama alilia alipozaliwa," aliniambia, "na kila nikijibu, siku ile hunirudia."

Huku niliko, sheria ya 2014 inayohusu watoto na familia katika England iliweka mpango mmoja wa maandishi unaounganisha elimu, afya na huduma za jamii kwa kijana mwenye mahitaji makubwa, na mpango huo unaweza kumfuata hadi afikapo umri wa miaka 25. Nimehudhuria vikao ambapo mama, mwalimu, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, afisa wa halmashauri na mhudumu wa shirika la hisani huketi meza moja, mbele yao karatasi ileile, na kila mmoja akasema atafanya nini na lini. Sidai kwamba mambo yote ni shwari. Sheria inataka mpango ukamilike ndani ya wiki 20, lakini wazazi wengi husubiri zaidi, na wapo wanaolazimika kukata rufaa. Tena nimewaona akina mama ambao jirani wa mlango wa pili halijui jina la mtoto wao, ilhali mpwa wangu hawezi kupitishwa barabara ya Usita wa Mui bila kuamkiwa kwa jina kutoka kila baraza. Utu huo tunao, na mimi huukosa sana.

Tunachokosa Lamu ni mashirika kuzungumza wao kwa wao. Najua sababu mojawapo: kila shirika hupeleka kwa mfadhili wake hesabu ya watu liliowahudumia, hivyo mtoto mmoja huhesabiwa mara tatu na viti viwili visivyofaa huandikwa kuwa ni mafanikio mawili. Kwa wakaao Faza au Kizingitini hasara ni kubwa zaidi, kwa sababu mama hulipa nauli ya boti kuja mjini kwa ajili ya shirika hili wiki hii, kisha hulipa tena wiki ijayo kwa ajili ya lile, ilhali yangekubaliana siku moja, angesafiri mara moja tu.

Kenya ina sheria mpya ya watu wenye ulemavu ya 2025, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003, na nimefurahi kwa hilo. Lakini jambo ninalolisema halihitaji kusubiri Nairobi. Kila mama wa Lamu anakijua kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto: muuguzi wa zahanati yoyote hukifungua, akaona chanjo iliyokwisha kutolewa, akaendelea pale alipoishia mwenzake. Kwa nini mtoto mwenye ulemavu asiwe na daftari la namna hiyo, ambalo kila shirika litaandika humo vipimo vyake, kifaa alichopewa na upana wa mlango wa kwao? Wapo watakaouliza kuhusu siri za mgonjwa, na ni haki yao, kwani tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Ndiyo maana napendekeza daftari likae kwa mzazi, naye aamue nani alisome.

Kabla sijaondoka, dada alinunua daftari gumu dukani akanakili humo yaliyomo katika zile fomu nne. Katika mstari wa pili, chini ya tarehe ya kuzaliwa, ameandika kwa mkono wake: hakulia.