Kangomba ya nyota jikoni kwangu

Kila nikipiga simu nyumbani, lazima mtu aniulize kama ni kweli watoto wa Ulaya hawashiki ufagio. Si kweli. Hapa Ujerumani jambo hilo limeandikwa mpaka kwenye sheria. Kifungu cha 1619 cha sheria yao ya madai kinasema mtoto anayeishi kwa wazazi na kutunzwa nao anapaswa kuwasaidia kazi za nyumbani na za biashara yao, kwa kadiri ya nguvu zake. Sijamsikia mzazi aliyemfikisha mwanawe mahakamani kwa sababu ya vyombo vichafu, lakini kifungu kipo. Hata kwetu Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ambayo watu huitaja wakidai haki tu, ina mahali inapotaja wajibu: mtoto awaheshimu wazazi na wakubwa wake, na awasaidie inapohitajika.

Tunakotofautiana ni kwenye namna ya kumwinua hapo alipokaa.

Hapa wanatumia jedwali. Mume wangu, mzaliwa wa hapa hapa Leipzig tunapoishi, alilibandika kwenye friji: majina ya watoto pembeni, siku za wiki juu. Kutandika kitanda stika moja ya nyota, kutoa vyombo kwenye mashine mbili, kushusha taka tatu. Nyota zikifika idadi fulani, mtoto anapelekwa kuogelea au anachagua filamu ya Jumamosi. Mwanzoni nyumba iling'aa, nikawa nakaa kwenye kochi kama mama mkwe aliyekuja kutembea. Kisha nikaona mdogo, wa miaka sita, ndiye anayetoa vyombo kila siku, hata siku za zamu ya dada yake wa miaka kumi. Kuuliza, kumbe bibie amemwajiri. Mdogo anatoa vyombo, anabandikiwa nyota moja, dada mtu anabaki na ya pili bila kushika hata kijiko.

Mtu wa Newala au Tandahimba, kwetu Mtwara kwenye korosho, hahitaji kuelezwa hicho ni kitu gani. Ni kangomba. Unamkuta mkulima ana shida, mnada bado, unachukua korosho zake kwa bei ya kutupa, kisha unakwenda kuziuza kama zako. Serikali imepambana na kangomba miaka nenda miaka rudi, mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao mkulima anapeleka korosho ghalani, anapewa risiti na kusubiri mnada, ukaja mwaka 2007, na walanguzi bado wanapata mwanya. Basi na jikoni kwangu wameupata.

Mume wangu alicheka mpaka machozi, akasema mtoto ana akili ya biashara. Anayo, sibishi. Ila mimi naona jedwali lilimfundisha kile hasa lilichobeba, kwamba kazi ya nyumbani ina bei, na penye bei mwenye akili hutafuta faida.

Wala si ushamba wangu wa kusini. Katika mji huu huu ninaokaa kuna Taasisi ya Max Planck ya anthropolojia ya mageuko, ambako Felix Warneken na Michael Tomasello walifanya utafiti wa watoto wa miezi 20, wakauchapisha mwaka 2008. Mtu mzima anaangusha kitu, anajifanya hakifikii, mtoto anajikokota kwenda kumwokotea. Wengine walipewa kitu cha kuchezea kila waliposaidia, wengine walisifiwa kwa maneno, wengine hawakupewa chochote. Zawadi ilipoondolewa, waliozoeshwa zawadi ndio waliopunguza kusaidia. Yaani mtoto ambaye hata suruali hajui kuvaa anakuja na hamu yake mwenyewe ya kusaidia, halafu sisi tunainunua hamu hiyo mpaka inaisha. Washauri wa malezi wa hapa nao, walio wengi, husema pesa ya matumizi ya mtoto isifungwe na kazi za ndani. Pesa apewe ajifunze kuitumia, kazi afanye kwa kuwa ni mtu wa nyumba hiyo.

Kwetu nilikuwa mtu wa nyumba hiyo kuanzia alfajiri. Fagio la chelewa, uwanja wote, kabla vumbi halijaamka. Halafu maji. Uwanda wa Makonde uko juu, maji yako bondeni. Wenye visima vya kuvunia mvua uani walipona mpaka kiangazi kilipokaza, kisha nao wakaungana na sisi kwenye mteremko. Kwenda ni rahisi. Kurudi, ndoo imejaa na kata imelowa kichwani, unapanda huku maji yanakutiririkia mgongoni. Hakuna aliyeniahidi kitu. Maji yasipofika ugali haupikwi, na mimi mwenyewe nitakuwa miongoni mwa watakaolala njaa.

Zawadi zilikuwepo, lakini Bibi hakuwa akilipa, alikuwa akipandisha cheo. Msimu wa korosho ukianza, mtoto mdogo anaokota zilizodondoka na kuzitenganisha na mabibo. Akionekana haruki korosho iliyojificha chini ya majani, anapelekwa kwenye kuanika na kuchambua, na hapo Bibi anakaa naye mkekani, maana chache chafu zinaweza kushusha daraja la gunia zima. Anachukua korosho moja, anaigeuza kwenye mwanga, anakuuliza, "Hii ungeila wewe?" Ukijibu haraka haraka, anairudisha kwenye lundo uitafute upya. Aliyefaulu hapo alionyeshwa mkorosho mmoja wa pembeni mwa shamba: huu ni wako, upalilie mwenyewe, kitakachopatikana ununue sare ya shule. Wangu ulikuwa na tawi moja lililolala mpaka chini, na ulizaa kwa uchoyo mkubwa. Niliupenda kuliko ndugu zangu wengine.

Lakini sitaki mtu anisome akidhani kwetu tulimaliza kila kitu. Fimbo ilikuwepo, na wapo waliokosa shule msimu wa korosho. Na cheo alichopandishwa mvulana kilikuwa cha kumtoa jikoni. Akisharudi kutoka jandoni, ukimpa masufuria asugue, wajomba ndio wa kwanza kukushangaa wewe uliyempa. Sisi wasichana tukitoka unyagoni tuliongezewa kazi na mafunzo ya namna ya kuzipenda. Hilo silipeleki popote, Leipzig wala Lindi.

Ninalolikosa huku ni uzito wa kazi yenyewe. Maji yako bombani, mashine inaosha vyombo, mtoto asipotandika kitanda hakuna anayeumia. Nyota inawekwa kujazia hapo pasipo na haja. Kwa hiyo nyumbani kwangu nyota sasa zimebaki kwa kazi za ziada tu, kama kuosha gari na kupanga stoo ya chini. Jumatano, chakula cha jioni ni cha watoto. Wasipopika, familia nzima inakula mkate mkavu na jibini, baba yao akiwemo. Nimeona binti yangu akimfokea mdogo wake amenye viazi haraka kwa sauti ya Bibi kabisa, na hakuna nyota iliyohusika.

Sasa mdogo wangu wa Shangani, Mtwara mjini, ameona majedwali haya kwenye simu na anataka nimtafsirie moja kwa ajili ya wanawe. Nilimuuliza nani anatandika vitanda kwake. Dada wa kazi. Nani anadeki? Dada wa kazi. Vyombo, nguo, kufagia uani, dada, binti aliyetoka kijijini. Sasa watoto watabandikiwa nyota za nini, za kumwangalia? Hapa ndipo ninapogombana na wenzangu wa mijini nyumbani. Tumewaondolea watoto kazi zilizokuwa na maana, tumempa binti wa mtu mwingine kwa mshahara wa kusuasua, halafu tunaagiza zawadi kutoka Ulaya za kuwarudisha watoto kwenye kazi za kuigiza.

Nimemwambia jedwali nitamtumia, ila aongeze mstari wa dada wa kazi, na nyota zake zilipwe kwa shilingi mwisho wa mwezi, juu ya mshahara. Amekubali. Kisha akaniuliza mstari wa baba watoto tuuweke wapi.