Joto Halikuimaliza, Shoka Likaifungulia Njia

Kila ardhi iliyoganda ya Aktiki inapotajwa, husikika hoja kwamba dunia imewahi kuwa na joto kubwa zaidi ya hili na barafu ile ikabaki, kwa hiyo hakuna la kuhofia. Naiona ni hoja ya hatari, kwa kuwa nusu yake ni kweli.

Kaskazini mwa Yakutia, huko Siberia, karibu na mji mdogo wa Batagay, ardhi imebomoka na kuacha shimo lenye urefu wa takriban kilomita moja. Udongo ulioganda chini kabisa ya ukuta wake unakadiriwa kuwa na umri wa miaka 650,000 hivi, maana yake umevuka vipindi kadhaa vya joto, kikiwemo kile cha miaka 125,000 hivi iliyopita. Hata hivyo, kipindi hicho hakikupita bila kuacha kovu: ukutani kuna tabaka jeusi la matawi, mizizi na vipande vya miti vilivyojaa katika makorongo yaliyochimbika zama hizo. Juu paliyeyuka, chini pakahimili.

Kusini zaidi mambo yalikuwa mengine. Katika pango la Ledyanaya Lenskaya, nalo la Siberia, mawe yanayoning'inia darini hukua pale tu maji yanapodondoka, yaani pale ardhi ya juu isipoganda. Yalikua miaka 400,000 hivi iliyopita, na tangu hapo hayajakua tena. Anayetaja Batagay pekee na kulinyamazia pango hili anasoma ukurasa mmoja na kuufunga mwingine.

Hata uhimilivu wa Batagay ulikuwa na sababu yake, nayo ni blanketi la msitu na mboji lililokinga udongo dhidi ya jua la kiangazi. Miaka ya 1960 msitu ulifyekwa mlimani hapo, kukatokea korongo, na korongo likawa shimo. Barafu iliyostahimili maelfu ya karne ilianza kuporomoka ndani ya umri wa mtu mmoja, tena wakati hewa ya eneo hilo inazidi kupata joto. Hilo ndilo linalonisikitisha kuliko yote. Kila kiangazi ukingo hurudi nyuma kwa mita kadhaa, miti ikiinama na kuanguka na mizizi yake, huku tope lenye mabaki ya mimea ya kale likitiririka kuelekea mto Batagayka.