Mbwa Wanne, Coaster Moja na Hisani ya Watu

Wema sikatai. Mtu akitaka kutoka Mtwara mpaka Bukoba kwa Coaster iliyogeuzwa nyumba, mbwa wanne nyuma, ubavuni bango la kuchangia chanjo ya kichaa cha mbwa, Mola amfungulie njia. Ninachonuna ni mahesabu. Watu wanakaa vikao vitatu kuchagua rangi ya fulana, hakuna hata mmoja anayeuliza gari litakuwa na kilo ngapi.

Kilo, ndugu zangu. Seremala wa huku kwetu ukimwambia kabati atakutengenezea la mninga, na ukimchekea ataongeza kitanda cha mkongo. Kazi safi, itarithiwa na wajukuu, lakini Coaster haitafuti urithi. Chukua plaiwudi nyembamba na fremu nyepesi, basi. Tanki la maji la lita 200 likijaa ni kilo 200, na mbwa wanne wa kilo 25 ni kilo 100 nyingine kabla hawajala. Tanki hilo lisifungwe kule nyuma kwenye buti. Coaster ina mkia mrefu nyuma ya ekseli. Ukiutwika maji, mbele kunakuwa kwepesi, usukani unaelea na breki za mbele hazishiki ipasavyo. Liweke chini, katikati ya ekseli mbili, na ndani liwe na vizuizi, la sivyo kila ukikanyaga breki maji yanakusukuma mgongoni. Halafu kuna mizani: gari lenye uzito wa jumla kuanzia kilo 3,500 linapimwa, na Coaster imo. Kumwambia mpimaji kwamba mzigo ni wa hisani hakupunguzi hata gramu.

Umeme nao ni kilio. Coaster nyingi za dizeli zinatumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizofuatana. Friji unayonunua ni ya volti 12, feni volti 12, taa volti 12. Sasa fundi mwenye haraka anafanya nini? Anavuta waya kutoka betri moja. Siku ya kwanza kila kitu kinawaka, watu wanapiga makofi. Lakini alteneta, ile inayochaji betri gari likitembea, inaona jumla ya betri mbili tu, haijui nani kanyonywa na nani kashiba. Ile inayovutwa inabaki na njaa, mwenzake anajazwa mpaka anachemka, mwisho unazika zote mbili. Tafuta kifaa cha kushusha volti 24 kuwa 12, au bora zaidi betri ya nyumba pembeni na sola yake juu ya paa. Friji ya kompresa ya wati 45 ikizunguka nusu ya siku inakula kama ampea-saa 45. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 haitakiwi kushushwa chini ya nusu. Likipita wingu la siku nzima, umekwisha.

Na gesi! Hapa ndipo mtu wa Mtwara anapotaka kukaa chini alie. Gesi iko Mnazi Bay, inasafishwa Madimba, ina bomba lake mpaka Dar. Wewe uliyeegesha Mikindani unasubiri mtungi uje kwa lori kutoka huko huko Dar. Ukiuliza, jibu linaudhi kwa sababu ni la kweli: ya bombani ni methani, haikubali kuwa kimiminika ndani ya mtungi wa jikoni, ya mtungini ni propani na butani, inaletwa na meli. Haya, ukishaupata, ufunge wima kwenye kabati lenye tundu la hewa sakafuni. Sakafuni, si juu. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini, na chini ndiko wanakolala mabosi wako wanne. Wewe uko kitandani unakoroma, wao ndio wanaoivuta kwanza.

Maana ratiba si yako tena, ni ya mbwa. Mbwa hatoi jasho la kumtosha, anajipoza kwa kuhema, na kuhema kunasaidia pale ambapo hewa ni kavu. Pwani ya Mtwara na Lindi hewa imejaa unyevu, kwa hiyo anahema mpaka ulimi unagusa zulia na joto liko palepale. Mwili wake wa kawaida ni nyuzi 38 hadi 39. Ukivuka 41 hiyo ni dharura. Mloweshe tumbo, mapaja na nyayo kwa maji ya kawaida, umwashie feni, ukimbilie kwa daktari wa mifugo. Na usiniambie "nashuka dakika kumi tu, nimefungua kioo kidogo." Dakika kumi juani zinaweza kupandisha joto la ndani ya gari kwa nyuzi kumi hivi. Ondoka Mtwara saa 11 alfajiri, simama kila baada ya saa mbili, na jua la saa 5 likukute chini ya mwembe, Nangurukuru au popote ulipofika. Wenye haraka wapande basi. Kwanza mwendo vijijini ni kilomita 50 kwa saa, na gari zito nje ya vijiji ni 80. Anayetaka kukimbiza hisani aandae shilingi 30,000 ya faini.

Kusimama nako kuna adabu zake. Huku wengi ni Waislamu wa Kishafii, na mate ya mbwa ni najisi: chombo akikilamba kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Sasa wewe unashuka, unaweka bakuli la mbwa chini ya bomba la kijiji, halafu unashangaa mbona mchango haufiki elfu tano. Beba ndoo zako, maji yako, kamba fupi, na egesha mbali na msikiti na baraza za wazee. Na anayeshika mbwa asiwe ndiye anayeshika mikono ya watu. Wawe wawili: mmoja kamba, mmoja salamu na stakabadhi. Kabla ya yote piga hodi kwa mwenyekiti na mtendaji, barua mkononi, na vyeti vya chanjo vya mbwa wako vya zaidi ya siku 21, maana kinga haiji siku ile ile ya sindano. Ujumbe wa kichaa cha mbwa unaoletwa na mbwa asiyechanjwa, hata mtoto wa darasa la pili ataucheka.

Somanga usifungue dirisha. Wauza samaki watakuwa wameshafika, na mbwa hajui kwamba samaki wa kukaanga ana mifupa inayokwama kooni. Ufukweni ni balaa jingine: samaki bunju aliyekaushwa na jua. Sumu yake haiondoki kwa kukauka wala kwa kupikwa, na mbwa huanza kwa kumlamba kama peremende. Kamba, muda wote. Msimbati na ule mchanga wake, Coaster yenye matairi pacha nyuma isiende kabisa. Inachimba, inakaa, na bahari inakuja kukuangalia. Ukikata kwenda Liwale au Tunduru kuna mbung'o, nao wanapenda chombo kikubwa kinachotembea na nguo za bluu iliyoiva na nyeusi. Bango la bluu ni kuwaita. Mbwa akianza homa na jicho likafunga ukungu mweupe, hiyo si vumbi, inaweza kuwa nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o hao. Apimwe damu.

Msimu pia watu hawaangalii. Wanakuja masika kwa sababu ndiyo likizo yao. Mei 2024, kwenye mvua za kimbunga Hidaya, barabara ya Dar ilikatika upande wa Kilwa. Mbwa wanne kwenye foleni ya matope si mchezo. Njoo minada ya korosho ikishaanza, kuanzia Oktoba, mifuko ikiwa na kitu. Na mchango upitie lipa namba ya taasisi iliyosajiliwa, si simu ya dereva, kwa sababu Coaster iliyopakia inatembea kilomita 6 au 7 kwa lita, na pesa ya chanjo ikilala karibu na tanki la dizeli haiamki.

Chanjo yenyewe haina makuu: mililita 1, mbwa mkubwa kwa mdogo. Makuu yako kwenye ubaridi, nyuzi 2 hadi 8, isigande, isikae mlangoni mwa friji, wala isichanganywe na nyama ya mabosi. Na kijiji kinataka mbwa 70 kati ya 100 wachanjwe, kisha mwakani tena, kwa kuwa watoto wanazaliwa na wakubwa wanakufa. Wazee wa huku hawadanganyiki. Mikoa hii ilikuwa kwenye mradi wa Shirika la Afya Duniani wa kutokomeza kichaa cha mbwa ulioanza 2010. Watakusikiliza mpaka mwisho, halafu watakuuliza swali moja: mwakani unarudi?

Siku ya kuchanja, watoto wanaleta mbwa kwa kamba za mkonge kuanzia saa 1 asubuhi. Mbwa wa kijiji wakiona mbwa wageni wenye shingo zilizonona ni vita, na foleni inasambaratika. Kwa hiyo wale wanne wa kwenye bango, waliovushwa nchi nzima kwa ajili ya shughuli hii hii, hawashuki. Wanabaki ndani, madirisha yamefungwa, injini inanguruma, kiyoyozi kinapuliza, dizeli inateketea.