Anayeng'oa mibuni kihambani amepiga hesabu yake

Anayekata mibuni siku hizi kihambani, yaani katika shamba la nyumbani la Wachagga kwenye miteremko ya Kilimanjaro, huonekana kama aliyetupa urithi. Machame hadi Rombo, lawama ni ileile: kahawa ilisomesha watoto, ikajenga shule na zahanati, ikasimamisha KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa, tangu 1933, na leo mtu anaing'oa apande ndizi! Lawama hiyo ina ukweli ndani yake. Ila wanaoitoa ni nadra kukaa na mkulima wakapiga hesabu ya mti mmoja.

Mbuni mzee wa aina za zamani za N39 au KP423, usiopogolewa na uliosongwa na kivuli, hutoa takribani robo kilo ya kahawa safi kwa mwaka. Mwenye mibuni 200 anapata kilo 50. Hajajaza hata gunia moja la kilo 60. Na ili azipate kilo hizo 50 lazima achume zaidi ya kilo 300 za matunda mabivu, kwa kuwa kilo 100 za matunda huacha kama kilo 16 tu baada ya kumenywa, kukaushwa na kukobolewa. Matunda yenyewe hayaivi siku moja. Atarudi chini ya mti uleule kila baada ya siku 10 hadi 14, achague mekundu na kuacha mabichi, miezi kadhaa mfululizo. Jioni hiyohiyo amenye, avundike siku moja hadi tatu kufuatana na baridi ya huko aliko, aoshe, kisha aanike kichanjani kama wiki mbili huku akigeuza na kuwahi kufunika mvua ikinyemelea. Akichelewa kuosha, kahawa inachacha na daraja linashuka. Robo kilo kwa mti, kwa kazi yote hiyo! Tena bado hatujagusa dawa. Juu kwenye baridi na ukungu kuna chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa, chini kwenye joto kuna kutu ya majani, na mibuni ya zamani haina kinga ya lolote kati ya hayo. Mkulima anapiga dawa ya kopa (ya kuua ukungu) kila baada ya wiki chache msimu wa mvua, na akiruka mzunguko mmoja kwa kukosa fedha, tunda changa linapiga weusi na kuanguka.

Sasa mtazame mgomba uliosimama kando ya mbuni huo. Mkungu unakatwa wakati wowote wa mwaka. Mama anaupeleka sokoni, Mwika au Marangu Mtoni, na jioni nyumbani kuna mafuta ya kupikia na daftari la mtoto. Fedha ya kahawa huja mara moja kwa mwaka, na kwa desturi hupita mikononi mwa baba. Anayeshangaa kwa nini akina mama hawalii mbuni ukikatwa aanzie hapo. Shina la mgomba hukatwakatwa likawa chakula cha ng'ombe wa bandani, ingawa sehemu kubwa yake ni maji na haliwezi kumtosha peke yake. Ng'ombe wa kilo 350 anahitaji kama kilo 35 za majani mabichi kwa siku, na mengi hubebwa kutoka tambarare. Familia inayofanya hivyo kila siku haiwezi kuitwa vivu.

Upande wa pili, wa wanaotetea kahawa, una hoja pia. Kahawa iliyokauka vizuri hukaa ghalani miezi ikisubiri malipo, wakati ndizi ikifika sokoni haisubiri, na dalali hupanga bei ya mkungu kwa macho barabara ikishateleza kwa masika. Hoja nzito zaidi ni mbegu. Tangu 2005 TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa pale Lyamungu, imetoa aina zinazohimili chulebuni na kutu ya majani, na mzigo wa kopa unapungua sana. Inasikitisha kwamba mikutanoni hoja hii husikika kwa nadra kuliko hotuba za urithi.

Kikwazo chake ni muda. Anayepanda upya, au anayekata mibuni mizee ibaki visiki vichipue, atakaa misimu miwili bila mavuno ya maana, na mwenye mibuni 200 na ada ya shule hawezi kulala njaa kwa ajili ya zao la taifa. Anaweza, hata hivyo, kwenda kwa robo: mibuni 50 kwa mwaka, kisiki cha kama sentimita 30, kikatwe kwa mshazari baada ya kuvuna, kiachiwe machipukizi mawili yenye nguvu, na maharage katikati wakati jua bado linafika chini.

Anayechagua ndizi naye ana deni. Kila mkungu unaopakiwa lori la Dar es Salaam unaondoka na potasiamu ya kihamba, kwa hiyo shina lisilopata samadi linadhoofika mwaka hadi mwaka. Shimo liwe la sentimita 60 kila upande, lipate madebe mawili ya samadi iliyooza, na kila shina libaki na mama, mtoto na mjukuu tu, yaani migomba mitatu ya rika tofauti. Machipukizi ya kuomba kwa jirani huja na fukusi na minyoo ya mizizi: yamenywe mizizi yote hadi nyama nyeupe ionekane, kisha yazamishwe dakika 20 kwenye maji ya nyuzi 55. Wengi huruka hatua hii, halafu mgomba ukilala na mkungu wake wanalaumu upepo.

Palipo na hatari ya kweli ni pale anayeng'oa mibuni anapokata na miti mirefu ya kivuli, mringaringa na mruka, ili nyanya zipate jua. Mteremko ukishavuliwa hivyo, mvua za Aprili huondoka na udongo. Kihamba cha Shimbwe Juu kilipotambuliwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2011 kama urithi wa kilimo, kilichotambuliwa ni ngazi zote: miti mirefu juu, migomba chini yake, kisha mibuni, kisha magimbi na viazi vikuu. Kama kijiji kinataka kutunga sheria ndogo, iwalinde mringaringa na mruka, na kilichopo chini yake aachiwe mwenye kihamba aamue.