Tayamamu juu ya mfuko wa maiti

Wapo wanaosema ushirikiano wa Waislamu na Wakristo ni mambo ya mikutano tu: sheikh na askofu wapigwe picha wameshikana mikono, tamko lisomwe, kila mtu arudi kwao. Siwalaumu. Tangu Papa Fransisko na Imamu Mkuu wa Al-Azhar, taasisi kongwe ya Kiislamu ya Misri, Ahmed al-Tayyeb, watie saini Hati ya Udugu wa Kibinadamu kule Abu Dhabi Februari 2019, matamko yameongezeka na vita havijapungua. Lakini wanaosema hivyo wanaisahau Sierra Leone.

Ebola iliingia huko Mei 2014, ikaua karibu watu 4,000. Mwili wa aliyekufa kwa ugonjwa huo umejaa virusi, na ndio mwili ambao binti anapaswa kuuosha kwa mikono yake kwa sababu ni wa mama yake. Vikosi vikaja na mavazi ya plastiki na mifuko myeusi, vikabeba marehemu bila dua wala sala. Familia zikaanza kuficha wagonjwa na kuzika kwa siri.

Novemba mwaka ule Shirika la Afya Duniani (WHO) lilisema angalau asilimia 20 ya maambukizi mapya yanatokea mazishini. Takwimu hii hainitoki kichwani. Mmoja kati ya watano! Na hawa hawakuwa wazembe, walikuwa wanamsitiri mtu wao. Unamwambiaje mtu kwamba wema wake ndio utakaomuua?

Mwongozo mpya wa mazishi uliandaliwa pamoja na mashirika ya dini, yakiwemo Islamic Relief, Caritas na Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Muislamu wa kikosi, akiwa na glavu, anapiga viganja kwenye mchanga safi, kisha anavipitisha taratibu juu ya mfuko, usawa wa mikono na uso wa marehemu: ndiyo tayamamu, kujitwaharisha kwa mchanga pasipo maji. Marehemu Mkristo naye ananyunyiziwa maji juu ya mfuko na kusomewa Maandiko. Mfuko mweupe ukakubalika mahali pa sanda. Anayehofia kwamba kushirikiana ni kuchanganya imani atazame hapo: tayamamu imetoka ndani ya fikihi yenyewe, yaani sheria ya Kiislamu, na hakuna aliyeazima ibada ya mwenzake.

Ni kweli, palikuwa pia na wanajeshi, maabara, fedha za nje na siku tatu za kufungiwa majumbani. Ni kweli vilevile kwamba nchi jirani ya Liberia baadhi ya viongozi wa makanisa waliiita Ebola adhabu ya Mungu. Bila maabara, dua peke yake isingetosha. Ila katazo la kuosha maiti lilikuwapo mapema, na watu walilikwepa. Walianza kulisikiliza imamu na mchungaji waliposimama pamoja, kila mmoja na kitabu chake.

Mwaka 2018 Ebola ilizuka Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, kwa wasemaji wa lugha yetu hii. Vikosi vya mazishi vilishambuliwa, na zaidi ya watu 2,200 walikufa. Mlipuko mwingine ukitokea, imamu na mchungaji waitwe wiki ya kwanza, kabla mifuko haijaagizwa, waulizwe hata rangi yake.